Printa imepotea tena: njia nne za kufanya vifaa vya nyumbani vipatikane kwenye mtandao

Waifai ya nyumbani Dar es Salaam siku hizi haibebi simu peke yake. Kuna printa ya mwalimu anayetoa mitihani ya tuisheni, DVR (mashine ya kurekodi) ya kamera za getini, runinga ya sebuleni, na pengine kompyuta ya zamani iliyogeuzwa ghala la picha za harusi na filamu za watoto. Kero ninayosikia zaidi inafanana kila mahali: intaneti ipo, WhatsApp inaenda, lakini printa haionekani. Jana ilichapa vizuri, leo kompyuta inasema haipo, na yenyewe iko palepale mezani, taa ya kijani inawaka.

Dawa iliyozoeleka ni kuzima kila kitu na kuwasha, au kuifuta printa kwenye kompyuta na kuiweka upya. Inasaidia siku chache, halafu tatizo linarudi. Ukitaka litulie, amua kwanza nani atakuwa mtunzaji wa namba na majina ya vifaa vyako: kifaa chenyewe, ruta, vifaa vyote kwa pamoja, au seva moja iliyowekwa kwa kazi hiyo. Hizo ndizo njia nne ninazolinganisha hapa. Zote zinafanya kazi, ila kila moja ina mahali inapochoka, na ni heri upajue mapema.

Kabla ya kuchagua, jua kilichokatika

Vifaa husafiri kwa namba, yaani anwani ya IP. Jina ni la kutusaidia sisi watu, na lazima mtu fulani aligeuze kuwa namba. Kwa hiyo printa ikipotea, ama namba imebadilika, ama jina halipati wa kuligeuza. Kuna pia hali ya tatu inayochanganya watu wengi hapa mjini, nitaifikia sasa hivi.

Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig /all. Kwenye Linux andika ip addr. Tazama namba ya kompyuta, kisha chapisha ukurasa wa mtandao kutoka kwenye printa yenyewe uone namba yake. Namba za nyumbani huanza na 192.168, au 10, au kati ya 172.16 na 172.31. Mafungu hayo yalitengwa kwa mitandao ya ndani katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, ndiyo maana ya kwako inaweza kufanana kabisa na ya jirani bila nyinyi kugongana.

Ukikuta kifaa kina namba inayoanza na 169.254, acha habari ya majina. Kifaa hicho kiliomba namba, hakikujibiwa, kikajipa chenyewe. Angalia waya, angalia nenosiri la waifai, hakikisha DHCP ya ruta imewashwa. DHCP ndiyo huduma inayogawa namba.

Sasa linganisha mafungu matatu ya mwanzo ya tarakimu kwenye namba za vifaa hivyo viwili. Tuseme kompyuta ina 192.168.1.20 na printa ina 192.168.8.105. Hapo una ruta mbili. Hii ndiyo hali ya tatu niliyoitaja: nyumba ina ruta ya faiba, na ile ya laini ya simu haikutupwa, imebaki kama akiba siku faiba ikisumbua. Simu zimehamia ya kwanza, printa imebaki ya pili. Intaneti inapatikana kote kuwili, hivyo hakuna anayeshuku kitu. Hakuna jina wala namba ya kudumu itakayounganisha mitandao miwili isiyojuana. Iunganishe kwanza, nitaeleza mwishoni.

Vikiwa kwenye mtandao mmoja, piga ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) kwa namba, kisha kwa jina. Namba ikijibu na jina likakataa, tatizo ni jina. Zote zikikataa, usikimbilie kusema kifaa kimekufa. Kompyuta ya Windows iliyouchukulia mtandao wako kuwa wa umma kwa kawaida hainyanyui mdomo ikipigiwa ping. Baada ya kupiga, andika arp -a. Ukiona namba ile imetokea ikiwa na anwani ya MAC (utambulisho wa kiwandani wa kifaa) pembeni, kifaa kipo hai na kimejibu kwa ngazi ya chini. Kilichozuia ni ulinzi wake tu.

Angalizo moja kuhusu nslookup, kwa sababu linawapotosha hata mafundi. Amri hiyo huuliza seva ya DNS, yaani ile inayogeuza majina kuwa namba, peke yake. Haisomi faili la hosts (orodha ya majina iliyo ndani ya kompyuta), wala haitumii majina ya .local, nitakayoyaeleza kwenye njia ya 3. Jina linaweza kufanya kazi kwenye ping na kivinjari huku nslookup ikisisitiza halipo.

Vigezo

Nimepima kila njia kwa maswali manne. Umeme ukirudi, kila kitu kinajipanga chenyewe? Ruta ikibadilishwa, kazi inaanza upya? Vifaa gani vinaikubali njia hiyo? Na kosa likitokea, ni rahisi kulitafuta? Mawili ya mwanzo nayapa uzito mkubwa, maana ndiyo yanayopiga nyumba za hapa: LUKU inaisha au umeme unakatika mtaa mzima, na ruta inabadilika kila mara familia inapohama kampuni ya intaneti.

1. Namba ya kudumu kwenye kifaa chenyewe

Unaingia kwenye mipangilio ya printa au DVR, unazima kuomba namba, unaandika yako: namba, kinyago (subnet mask) cha 255.255.255.0, lango ambalo ni namba ya ruta, na DNS. Chagua namba iliyo nje ya fungu ambalo ruta inagawa. Kama ruta inatoa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, wewe ipe printa 192.168.1.20.

*Umeme ukirudi.* Hapa hakuna njia inayoishinda. Printa nyingi huamka haraka kuliko ruta. Kifaa kinachotegemea kugawiwa kinaweza kufika mlangoni kabla ya mgawaji hajaamka. Chenye namba yake hakimsubiri mtu.

*Ruta ikibadilishwa.* Hapa ndipo inapoumia. Ruta mpya imekuja na 192.168.8.1, DVR bado inajiita 192.168.1.20 na inatafuta lango lisilokuwepo. Wengi huanza kuzunguka kifaa kimojakimoja, wengine wakipanda ngazi kufikia kamera. Kuna njia fupi: badilisha namba ya ndani ya ruta mpya iwe ileile ya ruta ya zamani. Vifaa vyote vinarudi kama vile hakuna kilichotokea.

*Vifaa vinavyokubali.* Karibu vyote. Lakini hii inakupa namba, haikupi jina.

*Kosa likitokea.* Dalili ya kwanza ni kifaa kinachoonekana na kupotea bila utaratibu. Mara nyingi ni vifaa viwili vyenye namba moja, kwa sababu namba ilichaguliwa ndani ya fungu la ruta. Dalili ya pili ni DVR inayoonekana vizuri ukiwa nyumbani lakini haitumi taarifa kwenye simu ukiwa kazini. Kagua lango na DNS. Fundi aliandika namba na kinyago, sehemu nyingine akaziacha tupu au na zile za kiwandani.

*Inamfaa* mwenye vifaa viwili vitatu visivyohama, na mwenye ruta ambayo hakupewa nenosiri la kuingia ndani yake. Andika namba kwenye karatasi, ibandike kwenye kifaa kwa solotepu. Fundi ajaye atakushukuru.

2. Kuhifadhi namba kwenye ruta

Kifaa kinaendelea kuomba, ila ruta imeshaambiwa: mwenye anwani hii ya MAC, mpe namba hii kila siku. Kwenye menyu ya ruta tafuta sehemu ya DHCP. Baadhi huita Address Reservation, baadhi Static Lease.

*Umeme ukirudi.* Ruta nyingi ndogo hutunza orodha ya namba zilizogawiwa kwenye kumbukumbu inayofutika zikizimwa. Zikiwaka zinagawa upya, na aliyewahi anapata. Ndiyo sababu printa inabadilika namba baada ya umeme kukatika, na kompyuta inaendelea kuitafuta kwenye namba ya jana. Namba iliyohifadhiwa iko kwenye mipangilio ya kudumu, hivyo haiguswi.

*Ruta ikibadilishwa.* Orodha inaondoka na ruta. Faili la akiba la mipangilio kwa kawaida linakubaliwa na ruta ya aina ileile tu. Tunza daftari lenye safu tatu: jina la kifaa, MAC, namba. Ukiwa nalo, ruta mpya haikuchukui muda. Bila hilo unaanza kukisia.

*Vifaa vinavyokubali.* Vyote vinavyoomba namba kwa DHCP, lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kifaa chenye waya na waifai kina MAC mbili. Ukiihamisha printa kutoka waya kwenda waifai, ruta inamwona mgeni. La pili, simu. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hujitengenezea MAC ya kubuni kwa kila mtandao ili kulinda faragha. Ukitaka simu ya zamani iwe kamera ya mlangoni yenye namba moja, nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo uiambie itumie MAC halisi.

*Kosa likitokea.* Ni raha kulitafuta. Kila kitu kiko ukurasa mmoja: nani yupo, ana namba gani, ya kwake au ya kupewa.

*Inamfaa* familia yenye ruta yake na nenosiri lake. Kama ruta ni ya kukodi kutoka kampuni ya intaneti, uliza kwanza kama wanakuruhusu kuingia. Zile ndogo za mfukoni za laini ya simu, huenda usiikute menyu hii kabisa.

3. Majina ya .local

Hapa huhitaji mtunzaji. Kompyuta inapotaka printa.local, inapeleka swali kwa wote walio kwenye mtandao kupitia anwani ya pamoja 224.0.0.251, mlango 5353, na mwenye jina anajibu mwenyewe na namba yake. Ni kama mtu anayeingia uani akaita "Mama Asha yupo?" na Mama Asha akaitika kutoka jikoni. Hakuna daftari la wapangaji lililofunguliwa. Utaratibu huu unaitwa mDNS, umeandikwa kwenye RFC 6762 ya mwaka 2013. Apple wanauita Bonjour, kwenye Linux unakuja na programu ya Avahi.

*Umeme ukirudi.* Namba ibadilike isibadilike, jina ni lilelile. Kila kifaa kikiamka kinajitangaza.

*Ruta ikibadilishwa.* Hii ndiyo nguvu yake kubwa, na sioni ikisifiwa vya kutosha. Ingiza nenosiri la waifai mpya kwenye printa, basi. Hakuna kingine cha kupanga. Kwa mpangaji anayehama na vifaa vyake kutoka Tabata kwenda Kigamboni, ni neema.

*Vifaa vinavyokubali.* Hapa kuna mipaka. iPhone na Mac zinaelewa tangu zamani. Windows 10 za baadaye na Windows 11 zinaelewa. Android ndiyo ya kuangaliwa: simu za kabla ya Android 12, ukiandika jina la .local kwenye kivinjari, kwa kawaida hazilipati, ingawa programu za kuchapisha zinaweza kuiona printa kwa njia zao wenyewe. Simu za aina hiyo bado ni nyingi mikononi mwa watu, na Kariakoo zinauzwa kila siku kama mtumba safi. DVR za bei nafuu nazo mara nyingi hazijitangazi.

*Kosa likitokea.* Ni gumu kidogo, kwa sababu hakuna mahali pa kwenda kusoma kilichotokea. Anza kwa kuuliza kama simu iko kwenye waifai ya wageni. Mtandao wa wageni umewekwa makusudi kuzuia vifaa visionane, na wito wa mDNS hauvuki. Kisha angalia kiongeza mawimbi cha chumbani, baadhi yake havipitishi wito huu vizuri. Mwisho, angalia jina. Vifaa viwili vikija na jina moja, cha pili hujiongezea namba, kama raspberrypi-2.local, na wewe unaendelea kuita la kwanza.

*Inamfaa* mwenye vifaa vya kisasa, asiyetaka kugusa ruta, na anayehamahama.

4. Seva ya DNS ya nyumbani

Kifaa kimoja kinabeba majina yote. Inaweza kuwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) yenye programu ya Pi-hole, kompyuta ndogo yenye programu ya dnsmasq, au ruta yenye mfumo wa OpenWrt au ya MikroTik, ambazo zina uwezo huo ndani yake. Ruta inaviambia vifaa vyote: mkitaka jina, ulizeni huku. Majina yaishie na home.arpa, ambayo ilitengwa kwa nyumba mwaka 2018, au .internal, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliitenga mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani. Usichague .local, hiyo ni ya mDNS na zitavurugana.

*Umeme ukirudi.* Hapa naomba usome taratibu. Seva hii isipoamka, nyumba nzima itasema intaneti hakuna, hata kama faiba iko salama, kwa sababu hakuna wa kugeuza jina lolote, la printa wala la YouTube. Na Raspberry Pi inayotumia memori kadi haipendi kukatiwa umeme ghafla, kadi inaweza kuharibika. Kama umeme wa mtaani kwako si wa kutegemea, seva hii na ruta viwe kwenye UPS (betri ya akiba) moja ndogo.

Watu hujaribu kujikinga kwa kuweka DNS ya pili, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google, wakidhani itatumika tu ya kwanza ikifa. Vifaa vingi haviko hivyo. Vinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili wakati wowote, na 8.8.8.8 haijui printa.home.arpa ni nani. Matokeo yake jina linafanya kazi asubuhi, mchana halipo, jioni limerudi. Ukiona tabia hiyo, nenda moja kwa moja kwenye DNS ya pili uifute. Ukitaka akiba ya kweli, weka seva ya pili yenye majina yaleyale.

*Ruta ikibadilishwa.* Majina yako salama, yako kwenye seva. Unaiambia ruta mpya namba ya seva, mara moja. Lakini seva yenyewe inahitaji namba isiyobadilika, kwa njia ya 1 au ya 2, na kila jina linaelekeza kwenye namba isiyobadilika. Njia hii haisimami peke yake.

*Vifaa vinavyokubali.* Vyote, hata Android za zamani na DVR. Wanaokwepa ni simu yenye Private DNS iliyoelekezwa kwa mtoa huduma wa nje, mipangilio iliyopo tangu Android 9, kivinjari kilichowashwa DNS salama yake, na yeyote mwenye VPN. Simu moja tu ikishindwa kufungua jina huku nyingine zote zinafungua, angalia hayo matatu kabla ya kugusa seva.

*Kosa likitokea.* Hapa nslookup inakuwa rafiki yako. Andika jina, ukifuatisha na namba ya seva. Ikijibu, seva ni nzima na tatizo liko kwenye kifaa kinachouliza. Pi-hole inakuonyesha pia orodha ya nani aliuliza nini.

*Inamfaa* ofisi ndogo au nyumba yenye vifaa vingi, na yenye mtu anayekaa hapo anayeijua. Kama mjuzi ni kijana anayesoma Dodoma na anarudi likizo tu, wazazi watakwama siku seva ikilala.

Kuna pia faili la hosts, ambalo wengine huanza nalo. Kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, kwenye Linux na Mac ni /etc/hosts. Unaandika namba na jina, basi. Linafaa kompyuta moja au mbili zenye kazi maalumu, kwa vifaa vyenye namba za kudumu. Kwenye simu ya kawaida huwezi kulihariri, kwa hiyo sikuliweka kwenye ushindani.

Kwa hali yako

Umepanga chumba au nyumba, una ruta ya laini ya simu, printa moja ya waifai na simu mpya: tumia majina ya .local, usijisumbue na mengine. Kama ndani kuna Android za zamani, ongeza namba ya kudumu kwenye printa.

Nyumba ni yako, ruta unaimiliki: hifadhi namba kwenye ruta kwa printa, DVR na runinga, simu ziache zipewe zozote. Daftari la MAC liweke pamoja na risiti ya ruta.

Kamera za ulinzi ndizo zinazokuhangaisha: DVR ipewe namba ya kudumu ndani yake yenyewe, nje ya fungu la ruta, ili iwe hewani bila kumsubiri mgawaji umeme ukirudi usiku. Kuiona ukiwa mbali ni suala jingine. Ruta za laini ya simu mara nyingi hukaa nyuma ya anwani za pamoja za kampuni, namba yake ya nje ikianzia 100.64 hadi 100.127, na hapo hakuna kufungua mlango kutoka nje. Utahitaji huduma ya mtengenezaji wa DVR au VPN.

Una steshenari au ofisi yenye kompyuta kadhaa: anza na kuhifadhi namba kwenye ruta. Ongeza seva ya DNS pale tu watu watakapohitaji kuita vifaa kwa majina kila siku, na kuwe na mtu wa kuiangalia.

Una ruta mbili: kabla ya yote, fanya ya pili iwe mkono wa ya kwanza. Ipe namba ya ndani iliyo kwenye fungu la ruta kuu lakini isiyogawiwa, kwa mfano 192.168.1.2, kisha zima DHCP yake. Pitisha waya kutoka ruta kuu uingie kwenye moja ya milango yake ya LAN (ya vifaa vya ndani), siyo ule wa WAN (wa intaneti). Zima printa na uiwashe ili iombe namba upya, kisha chapisha tena ule ukurasa wa mtandao. Mafungu matatu ya mwanzo yakishafanana na ya kompyuta, rudi juu uchague njia.